Sura ya Nne: Dhahabu Iliyofichwa Ukutani

Watu wakiona vito vya Kirumi kwenye makumbusho au kwenye picha za vitabu, swali lao la kwanza karibu siku zote ni hili: dhahabu hizi zilikuwa za nani? Za watawala na wake zao peke yao, au hata mke wa mkulima alikuwa na cha kuvaa? La pili hufuata papo hapo: kama alikuwa nacho, alikivaa kwa urembo tu?

Swali la kwanza halina shida. Mke wa mkulima alikuwa nacho, japo kidogo. Hilo la pili ndilo linalohitaji sura nzima, kwa kuwa hereni ya miaka 1,900 iliyopita ilikuwa na kazi nyingi zaidi ya kuning'inia sikioni. Ilikuwa akiba. Ilikuwa dhamana ya mkopo, kinga ya mtoto, na mara nyingi ilikuwa mali pekee ambayo mwanamke angeweza kuondoka nayo ndoa ikivunjika. Ili kuliona hilo tutatoka Roma na kwenda Misri.

Mkoa uliotunza vya kwake

Misri iliingia mikononi mwa Warumi mwaka 30 KK, baada ya Octavian, ambaye baadaye aliitwa Augustus, kumshinda malkia Cleopatra wa Saba. Tangu hapo ikawa mkoa wa dola, maana yake nchi iliyotekwa na kutawaliwa na gavana aliyetumwa kutoka Roma. Ngano yake ililisha mji mkuu. Kodi ilikwenda Roma, lakini shughuli za ofisini ziliendelea kuandikwa kwa Kigiriki, lugha iliyokuwa imetawala huko kwa karibu miaka 300.

Mikoa ya Kirumi ilikuwa mingi, kutoka Uingereza hadi Shamu. Misri inatufaa kuliko yote kwa sababu moja: ukavu. Mvua karibu hainyeshi katika sehemu kubwa ya nchi. Kitu kilichoachwa nje ya eneo lililokuwa likifikiwa na mafuriko ya Nile hakiozi. Kwingineko mwanaakiolojia hupata chuma kilicholiwa na kutu na vigae vya vyungu. Misri anapata kikapu, kamba, kitambaa, kiatu cha mtoto na barua.

Barua hizo ndizo hazina kubwa kuliko dhahabu yenyewe. Ziliandikwa juu ya mafunjo, yaani karatasi iliyotengenezwa kwa vipande vya bua la mmea uotao kando ya Nile. Katika mji wa Oxyrhynchus, kilomita 160 hivi kusini mwa Cairo, Waingereza wawili, Bernard Grenfell na Arthur Hunt, walianza kuchimba majalala ya kale katika majira ya baridi ya 1896 na 1897. Walitoa mafunjo kwa malaki, mengi yakiwa vipande vidogo: mikataba, risiti, malalamiko polisi, salamu za ndugu. Huko kaskazini, katika bonde la Fayum, kijiji cha Karanis kilichimbwa na Chuo Kikuu cha Michigan kati ya 1924 na 1935, nyumba baada ya nyumba, na vitu vilivyokutwa vyumbani vikaandikwa vilikutwa wapi.

Basi Misri tuna vitu, na tuna maneno ya watu waliovitumia. Vikikaa pamoja, vinajibu.

Kasha la mama yake Orsenouphis

Mwaka 28 au 29 BK, mtu mmoja aitwaye Orsenouphis, mkazi wa kijiji cha Euhemeria huko Fayum, alipeleka malalamiko kwa mkuu wa askari wa eneo lake. Karatasi yake ipo hadi leo. Anaeleza kwamba alimpa kazi fundi ujenzi, jina lake Petesouchos, abomoe kuta kuukuu nyumbani kwake. Yeye mwenyewe alikuwa ametoka kwenda kutafuta riziki. Fundi akiwa anabomoa, akakuta kasha dogo ndani ya ukuta.

Kasha hilo lilifichwa na mama yake Orsenouphis miaka zaidi ya 40 kabla, enzi za Augustus. Mwanawe anataja kila kilichokuwamo:

- hereni mbili za dhahabu, zenye uzito wa robo nne;
- kidani cha dhahabu chenye umbo la mwezi mwandamo, uzito wa robo tatu;
- bangili mbili za fedha;
- mkufu wenye mapambo ya fedha, wa thamani ya drakma 80;
- fedha taslimu, drakma 60.

Robo hapo ni kipimo kidogo cha masonara. Drakma ni sarafu ya fedha, na katika miaka hiyo kibarua wa shambani kwa kawaida hakuzidi drakma moja kwa siku. Mkufu ule peke yake, basi, ulikuwa jasho la miezi karibu mitatu.

Kwa mujibu wa malalamiko, fundi aliwazuga wenzake na watu wa nyumbani, akampa binti yake mali ile aipeleke kwao, kisha akalitupa kasha tupu mle mle nyumbani. Alikiri kwamba alilikuta. Alichodai ni kwamba halikuwa na kitu.

Karatasi haisemi kesi iliishaje. Lakini tazama inachosema bila kukusudia. Mwenye malalamiko si tajiri, maana anatoka nyumbani kwenda kutafuta riziki. Mama yake alikuwa na dhahabu, fedha na sarafu, vyote pamoja katika kasha moja, kwa sababu kwake vilikuwa kitu kile kile: akiba. Aliificha ukutani, mahali ambapo mkusanya kodi asingeangalia wala mwizi asingefika upesi. Na mtoto aliyekuwa mdogo wakati huo aliweza, akiwa na umri wa miaka 50, kutaja uzito wa kila kipande cha dhahabu. Huwezi kukumbuka uzito wa hereni usizopata kuambiwa uzito wake. Katika nyumba ile dhahabu ilizungumzwa kwa mizani.

Mizani siku ya ndoa

Mazungumzo hayo ya mizani yalianza rasmi siku ya kuandika mkataba wa ndoa. Misri ya Kirumi, mali ilitoka upande wa bibi harusi: wazazi wake walimpa binti vitu vya kwenda navyo kwa mume, na mwandishi akaviorodhesha kimoja kimoja.

Mkataba mmoja wa Oxyrhynchus wa mwaka 260 BK unaonyesha namna ilivyokuwa. Mama, Aurelia Thaesis, anamwoza binti yake Aurelia Tausiris kwa Aurelius Arsinous. (Usidhani ni ukoo mmoja. Mwaka 212 Kaisari Caracalla aliwapa uraia wa Roma karibu watu huru wote wa dola yake, na mamilioni wakachukua jina lake la ukoo, Aurelius. Ndiyo maana mafunjo ya karne ya tatu yamejaa jina hilo.) Binti anakwenda na kidani chenye jiwe, uzito wa robo 13 bila jiwe, bizimu, yaani pini ya kubania nguo begani, yenye mawe matano, hereni zenye lulu kumi, uzito wa robo tatu bila lulu, na kipete cha nusu robo. Zinafuata nguo zake, kila moja na bei yake kwa drakma.

Maneno "bila jiwe" na "bila lulu" yanarudi kila mara, na yana maana kubwa. Dhahabu inapimwa peke yake kwa sababu siku ya kurudishwa itapimwa tena. Mkataba unaeleza kwamba wawili hawa wakiachana, mume atarudisha vito kwa uzito ule ule uliopokelewa. Nguo ni jambo jingine: nguo huchakaa, basi zinaangaliwa kwa thamani. Lakini dhahabu haichakai, na hakuna ruhusa ya kurudisha pungufu.

Mwanamke wa mkoa huu aliweza kumiliki nyumba, shamba na watumwa kwa jina lake. Hata hivyo katika mikataba mingi alitakiwa awe na mwanamume wa kumsimamia, mume au ndugu. Sheria ya Kirumi ilimwondolea sharti hilo mwanamke raia aliyezaa watoto watatu. Mwaka 263 Aurelia Thaisous wa Oxyrhynchus alimwandikia gavana akidai haki hiyo, akaongeza kwamba yeye anajua kuandika vizuri kabisa. Wanawake wa namna yake walikuwa wachache. Kwa wengi, shamba lilimhitaji msimamizi, karani na siku ya kwenda ofisini. Bangili haikuhitaji hayo. Aliivua mkononi, akaipeleka. Nadhani hii ndiyo sababu kubwa ya wanawake wa mkoa huo kuthamini vito kuliko ambavyo urembo peke yake ungeweza kueleza, na yeyote aliyemwona mama akipeleka bangili zake kwa sonara ada ya shule ikikaribia hatapata taabu kuielewa.

Kwa ufupi: vito vilipimwa, vikaandikwa, vikalindwa na mkataba. Vilikuwa mali ya mwanamke kabla ya kuwa pambo lake.

Barua ya mtu mwenye deni

Akiba ina siku yake ya kutumika. Kutoka Oxyrhynchus pia ipo barua ya karne ya pili au ya tatu, ambayo mwandishi wake anamwomba rafiki amkomboe vitu vyake vilivyowekwa rehani kwa mtu aitwaye Sarapion. Kuweka rehani ni kumkabidhi mkopeshaji kitu chako ashike mpaka umlipe. Mkopo ulikuwa mina mbili, yaani drakma 200.

Vitu vyenyewe ni nyumba nzima ya mtu: vijaluba viwili, kimoja cha mti wa manukato na kingine cha jiwe la shohamu, kanzu, mtandio mweupe wenye pindo la zambarau halisi, leso, nguo nyingine zaidi, bangili mbili, mkufu, shuka la kitandani, sanamu ndogo ya mungu wa mapenzi, Aphrodite, kikombe, chupa kubwa ya bati, mtungi wa divai. Kuna bangili nyingine mbili kwa mkopeshaji wa pili, Onetor. Na mwisho yapo maagizo ya uchungu: fedha zisipotosha, kwa sababu ya uzembe wa mtu fulani anayetajwa kwa jina, uza hizo bangili ujazie.

Riba nayo imetajwa. Ilikuwa stateri moja kwa kila mina, na stateri ni drakma nne. Mina ni drakma 100. Hiyo ni asilimia nne kwa mwezi, asilimia 48 kwa mwaka. Kiwango halali kilikuwa asilimia 12. Kwa hiyo kila mwezi uliopita, mdaiwa alitoa drakma nane ili vitu vyake vikae tu kwa Sarapion, bila deni lenyewe kupungua hata sarafu moja. Mkopeshaji alijua sheria inasema nini. Mdaiwa naye alijua. Aliyebanwa hana nafasi ya kubishana.

Mimi huiona barua hii kuwa na thamani kuliko taji lolote la kifalme lililomo makumbushoni. Taji linatuonyesha mtu mmoja siku moja ya sherehe. Hapa tunaona mkufu na shuka vikiwa katika orodha moja, vikipimwa kwa kipimo kimoja: vitaleta shilingi ngapi.

Nyuso zilizochorwa kwa nta

Vito hivi vilivaliwaje? Hapa tunasaidiwa na picha. Kati ya karne ya kwanza na ya tatu BK, familia zenye uwezo ziliagiza picha ya uso wa ndugu yao, ikachorwa juu ya ubao mwembamba kwa rangi zilizochanganywa na nta ya nyuki, kisha ikafungwa juu ya maiti iliyokaushwa na kuviringishwa sanda. Picha karibu 1,000 zinajulikana leo, na kwa kuwa nyingi zilitoka Fayum, huitwa picha za Fayum. Mwingereza Flinders Petrie alichimba makaburi ya Hawara mwaka 1888, akarudi tena 1911. Kwa makadirio yake, maiti moja au mbili tu katika kila mia ndizo zilizokuwa na picha. Kwa hiyo tunaowaona ni wale waliokuwa juu.

Wanawake hao wanatutazama wakiwa wamevaa. Katika picha za mwanzoni, hereni ni vidude vya mviringo vya dhahabu vinavyobana sikio. Baadaye zinaingia pete za sikio zenye shanga, na katika karne ya pili inaenea hereni ya kijiti kidogo kilicholala, ambacho kinaning'iniza lulu mbili au tatu. Lulu hizo ziligongana mtu akitembea. Mwandishi Mrumi Plinio Mkubwa anasema wanawake walifurahia mlio wake hata wakaziita kwa jina la vyombo vya kugongesha.

Shingoni kuna mawe ya kijani. Mengi ni zumaridi kutoka milima ya jangwa la mashariki ya Misri yenyewe, karibu na Bahari ya Shamu, ambako Warumi walichimba mahali panapoitwa leo Wadi Sikait. Zumaridi ni jiwe gumu sana. Fundi wa wakati ule hakuweza kulikata nyuso nyingi za kumeta kama afanyavyo fundi wa leo, basi aliliacha na pande zake sita za asili, akatoboa tundu katikati na kulipitisha kwenye waya wa dhahabu. Ukiona mkufu wa kale wenye mawe ya kijani ya pembe sita yasiyometa sana, hilo ndilo lililotokea. Kuyachanganya mawe hayo na lulu kulikuwa anasa kubwa. Plinio huyo huyo anasimulia kwamba alimwona Lollia Paulina, aliyewahi kuwa mke wa Kaisari Caligula, amejifunika zumaridi na lulu zenye thamani ya sarafu za Kirumi, sesterti, milioni 40 kwenye karamu ya kawaida ya uchumba.

Lakini picha za Fayum zinataka tahadhari. Katika baadhi yake dhahabu ya kidani imebandikwa juu, karatasi halisi ya dhahabu, baada ya picha kukamilika. Familia ilikuwa ikimpa marehemu utukufu wa safari yake. Tukitaka kujua mtu alikuwa na nini hasa, mkataba wa ndoa ni shahidi bora kuliko picha.

Mwezi, nyoka na chura

Kile kidani cha umbo la mwezi kilichokuwa ukutani kwa Orsenouphis tunakikuta tena na tena, kwenye picha na makaburini. Kilivaliwa na wanawake na watoto wa kike kwa ajili ya kinga. Watoto wa kiume katika picha wana kijibweta shingoni, mara nyingi kama bomba dogo la madini, ambacho ndani yake kuna maandishi ya kukinga maradhi. Ni hirizi, na hakuna haja ya kutafuta neno jingine.

Bangili iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya nyoka aliyejizungusha mkononi, na zilivaliwa mbilimbili. Nyoka katika nyumba za Misri alihesabiwa mlinzi wa shamba na ghala, akahusishwa na mungu wa kike Isis na neema ya mavuno. Mrumi aliyefika kutoka Italia angeweza kununua bangili hiyo kwa kuwa imempendeza. Mkulima wa Fayum aliielewa kwa njia nyingine. Kitu kimoja, waumini wa namna mbili. Mambo mengi ya mkoa huo yalikwenda hivyo.

Hata taa ilikuwa na kinga yake. Nyumba ziliwashwa kwa vijitaa vya udongo vya kushika kiganjani, vilivyofinyangwa kwa wingi ndani ya kalibu na kutiwa mafuta ya mimea. Misri, na Misri hasa, vingi vilikuwa na umbo la chura. Chura alikuwa ishara ya uzazi na ya kuzaliwa upya tangu enzi za mafarao, na taa hizo ziliendelea kuuzwa hata Ukristo ulipokuwa umeenea.

Wasiokuwa na dhahabu

Bado hatujafika kwa wengi. Wengi hawakuwa na robo 13 wala robo moja.

Wao walivaa kioo. Katika karne ya kwanza KK, mafundi wa pwani ya Shamu waligundua namna ya kupuliza kioo kwa bomba, kikavimba kama povu la sabuni na kuwa chombo kwa dakika chache. Kioo kikashuka bei. Strabo, mwanajiografia aliyeishi Alexandria kwa muda katika miaka ya kwanza ya utawala wa Roma, anasema kikombe cha kioo kule Roma kilipatikana kwa sarafu moja ya shaba. Shanga za kioo zikawa za kila mtu: buluu, kijani, nyingine zimewekewa karatasi ya dhahabu kati ya tabaka mbili za kioo ili zimete kama dhahabu tupu. Mwenye fedha kidogo alipata mng'ao ule ule kwa sehemu ndogo ya gharama, na kwa umbali wa hatua kadhaa hakuna aliyejua tofauti.

Walivaa mfupa. Vipini vya nywele, pete, bangili na dadu vilichongwa kwa mifupa ya mifugo iliyochinjwa kijijini. Walivaa pia shaba na chuma, hasa pete ya muhuri, ambayo ilikuwa na kazi kubwa katika nchi ambayo wengi hawakujua kuandika: ulikandamiza alama yake kwenye udongo wa kufungia mtungi au barua, na aliyepokea akajua kama umefunguliwa njiani.

Nyumba za Karanis zimetoa pia vitu ambavyo hakuna mtu angeviandika katika mkataba. Kuna viatu vya ukindu uliosukwa, vitana vya mbao vya kuondolea chawa, makufuli ya mbao na funguo zake, farasi wa mbao wa kuchezea mwenye magurudumu, mwanasesere wa vitambaa. Kutoka mji wa Antinoupolis, uliojengwa na Kaisari Hadrian mwaka 130, makumbusho ya British Museum yana soksi ya mtoto ya mguu wa kushoto, ya milia, iliyosukwa kwa sufu mnamo mwaka 300. Kidole gumba kina chumba chake ili mtoto avae na kandambili. Ilitoka jalalani. Rangi zake nyingi zilipatikana kwa mimea mitatu tu, mmoja mwekundu, mmoja buluu na mmoja manjano, mfumaji akichanganya na kurudia kuchovya. Mama au bibi huyo hakuwa na dhahabu ya kupima, lakini alijua rangi.

Pembe kutoka Azania

Vitu hivi havikuishia Misri, na hapa simulizi inafika pwani yetu. Katikati ya karne ya kwanza BK, mfanyabiashara wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki alitunga mwongozo wa safari za Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, unaojulikana kama *Periplus*. Meli ziliondoka bandari za Misri, Myos Hormos na Berenike, mwezi wa Julai. Mwandishi anafuata pwani ya Afrika, anayoiita Azania, mpaka soko lake la mwisho, Rhapta. Mahali hasa palipokuwa Rhapta wataalamu wanabishania, wengi wakielekeza pwani ya Tanzania. Anasema jina hilo limetokana na vyombo vya wenyeji vilivyoshonwa kwa kamba, na msomaji wa pwani atakumbuka mtepe.

Kutoka Rhapta zilitoka pembe za ndovu kwa wingi, pembe za faru na magamba ya kasa. Zilizoingia ni mikuki, mashoka, visu, sindano za kutobolea na vitu vya kioo. Meli zilibeba pia divai na ngano kidogo, ambavyo anasema havikuwa vya kuuza bali vya kuwafurahisha wenyeji. Anaongeza kwamba biashara hiyo ilishikwa na Waarabu wa Muza, bandari ya Yemen, ambao walioa pwani na kuijua lugha ya watu wake.

Sasa rudi kwenye kipini cha nywele cha pembe kichwani mwa mwanamke wa Alexandria, au kijaluba kilichopambwa kwa gamba la ng'amba. Nyuma yake upo uwezekano wa mwindaji na mvuvi wa Azania. Na shanga zilisafiri njia hiyo kwa kurudi. Mwaka 1999 Felix Chami, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha taarifa ya shanga za kioo za Kirumi zilizochimbuliwa eneo la delta ya Rufiji. Pwani hii haikuwa ikingoja kugunduliwa na wageni. Ilikuwa sokoni.

Berenike kwenyewe wachimbaji walikuta kilo zaidi ya saba za pilipili manga ndani ya mtungi wa Kihindi, shanga kutoka India na Sri Lanka, na makaburi ya wanyama waliofugwa nyumbani, wengi paka. Baadhi ya paka hao walizikwa na shanga zao shingoni.

Kitu kilichotolewa mahali pake

Karibu kila kitu nilichokieleza tunakijua kwa sababu mtu aliandika kilikutwa wapi. Pale ambapo hakuandika, tumepoteza. Mwishoni mwa miaka ya 1880 mfanyabiashara wa Vienna, Theodor Graf, alinunua picha nyingi za maiti kutoka er-Rubayat huko Fayum na kuziuza Ulaya na Marekani. Zilitolewa juu ya miili yake bila rekodi ya makaburi. Leo ni nyuso nzuri ukutani, na hatuwezi kuzioanisha na watu wao, vito vyao wala ndugu waliozikwa nao. Katikati ya kijiji cha Karanis kulikwisha kabla wataalamu hawajafika, kwa sababu wakulima walichota udongo wa magofu kwa ajili ya mbolea.

Shanga za Rufiji zina uzito kwa sababu zilichimbuliwa kwa utaratibu, tabaka kwa tabaka. Zingeokotwa na kuuzwa ufukweni zingekuwa vioo vya rangi tu. Kwa hiyo msomaji unayelima, unayechimba msingi au unayevua kwenye pwani ya Tanzania au Kenya: ukikuta shanga za kale, vigae au sarafu, usiving'oe na usimwuzie mpita njia. Weka alama mahali hapo, piga picha, utoe taarifa kwa Idara ya Mambo ya Kale au kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakutaka ufanye hivyo.